MKATE WA ZABIBU NI CHAKULA, SI DAWA YA DAMU



Katika parokia nyingi za huku kwetu Dodoma mkate wa zabibu umejipatia sifa kubwa. Akina mama hufundishana kuuoka katika jumuiya ndogondogo, huuza vipande nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, na wengine huwafungia watoto waende nao shuleni. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunaufurahia mkate huu, na tunaula. Lakini kuna neno moja linalotembea pamoja nao ambalo halitufurahishi hata kidogo, nalo ni hili: kwamba mkate wa zabibu unaongeza damu, na kwamba mama mjamzito akiula asubuhi na jioni hana haja tena ya vidonge.

Tulimpokea mama mmoja akiwa na mimba ya miezi minane. Alikuja akitembea pole pole, akishika ukuta, midomo na viganja vyake vimepauka. Tulipopima damu ilikuwa 6. Tukamwuliza kama anameza FEFO tulizompa kliniki. Akajibu kwa adabu, "Shikamoo sista. Vile vidonge vilinitia kichefuchefu, nikaviacha. Lakini mkate wa zabibu sijakosa hata siku moja." Akafungua kikapu, akatuonyesha kipande kilichofungwa vizuri kwenye kitambaa, maana alidhani tutamsifu.

Mama huyo aliongezewa damu, na kwa neema ya Mungu alijifungua salama. Lakini ndugu zake walihangaika siku mbili kutafuta wa kumtolea damu, na sisi tunajua kwamba si kila anayekuja katika hali hiyo hurudi nyumbani.

Nasi tusijitoe lawamani. Tulipochunguza neno hili lilitoka wapi, tulikuta kwamba sehemu yake lilitoka kwetu. Katika semina ya lishe tuliwaambia akina mama kwamba zabibu kavu zina madini ya chuma. Ni kweli zinayo. Ila hatukusema ni kiasi gani, na mtu akisikia "madini ya chuma" halafu asisikie kiasi, atajaza mwenyewe. Basi leo tuseme kiasi.

Gramu 100 za zabibu kavu zina miligramu 2 hivi za madini ya chuma. Kidonge kimoja cha FEFO kina miligramu 60. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kupata kwa zabibu kile kilichomo katika kidonge kimoja angepaswa kula karibu kilo tatu za zabibu kavu kila siku, na humo angekula pia zaidi ya kilo moja na nusu ya sukari. Na kipande kimoja cha mkate kina zabibu chache tu, pengine kumi na tano au ishirini. Tena madini ya chuma yatokayo kwenye mimea mwili huyapokea kwa shida, hasa mtu akiteremshia na chai ya rangi, kwa sababu chai huyazuia. Na mkate wa zabibu bila chai huku kwetu nani anaula?

Kwa hiyo mama mjamzito ameze FEFO yake. Kama inamletea kichefuchefu, asiiache kimya kimya; aje tuzungumze. Wengi hupata nafuu wakimeza usiku baada ya chakula, kwa maji na si kwa chai. Choo kuwa cheusi si ugonjwa, ni dawa yenyewe. Na baba wa nyumba aulize, "Mama fulani, umemeza?" Swali hilo halimpunguzii mtu heshima.

Baada ya kusema hayo, tusije tukaeleweka kwamba tunaupiga vita mkate. La hasha. Tunadhani kila nyumba yenye jiko la mkaa na sufuria mbili ingefaa kujua kuuoka. Tunaona watoto wanaokwenda shule na andazi moja lililolowa mafuta, au na hela ya kununulia soda na pipi. Mkate huu ni bora kuliko hivyo vyote, na sehemu kubwa ya vitu vyake tunavyo hapa hapa. Mafuta ya alizeti tunakamua. Ulezi tunao. Zabibu ndizo hizo, zilizoletwa na wamisionari waliozipanda kule Bihawana, na leo mashamba yamejaa Hombolo na Mpunguzi, yakivunwa mara mbili kwa mwaka. Wakati wa mavuno, mkulima aliyekosa mnunuzi huangalia vichane vikiozea shambani. Inatuuma. Kilo nne za zabibu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja, nayo hukaa miezi.

Hapa kwenye kukausha tuna onyo moja. Tumeona zabibu zimeanikwa juu ya chanja na kufunikwa chandarua cha zamani cha kitandani ili kuzuia nzi. Kuzuia nzi ni vema. Lakini vyandarua tunavyogawiwa kliniki vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haifai kugusana na chakula. Tumieni kitambaa chepesi cheupe, safi, kisicho na dawa. Chanja iwe juu, mbali na kuku na vumbi la njia, na jioni zabibu ziingizwe ndani zisipate umande. Zikiota ukungu zitupwe zote. Usikwangue ukungu ukasema sehemu iliyobaki ni nzima, maana sumu yake haionekani kwa macho, wala moto wa kuokea hauimalizi. Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Zabibu si mahindi, lakini ukungu ni ukungu.

Sasa namna ya kuoka. Mkate huu hautumii hamira, ndiyo maana hauhitaji kusubiri uumuke. Unatumia bekingi pauda, ile poda ambayo ikikutana na maji na joto hutoa hewa ndani ya donge na kulinyanyua. Hewa hiyo hutoka mara moja, kwa hiyo moto uwe tayari kabla hujachanganya. Wengi huchanganya kwanza, halafu ndipo wanaanza kupuliza mkaa. Mkate unakuwa kama tofali, wanalaumu unga.

Chukua vikombe viwili vya unga, kimoja na nusu cha ngano na nusu kikombe cha ulezi. Unga wa ngano uwe wa pakiti yenye alama ya kuongezewa virutubishi, kwa maana tangu mwaka 2011 kanuni za nchi yetu zinataka unga wa viwandani utiwe madini ya chuma na foliki, na foliki husaidia kuzuia watoto wasizaliwe na mgongo wazi. Tia vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo sana. Kando, ponda ndizi mbivu mbili, zile ambazo ganda limeanza kuwa jeusi, changanya na mayai mawili, robo kikombe cha mafuta ya alizeti na maziwa karibu kikombe. Zabibu kikombe kimoja ziwe zimelowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa robo saa, zikachujwa, zikakatwakatwa na kupakwa unga kidogo zisizame chini. Maji yaliyolowekea usiyamwage. Yatie mahali pa sehemu ya maziwa. Changanya vyote kwa mwiko mara chache tu, hata kama bado unaona madonge madogo. Ukikoroga sana mkate unakuwa mgumu.

Sufuria kubwa iwe na mchanga mkavu chini, na ndani yake iingie sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 45 hivi chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, tayari. Uache upoe kabla ya kukata, ingawa watoto watalia.

Mtaona hatukutaja sukari. Hatukusahau. Ndizi na zabibu zinatosha kabisa, na anayesema mkate haunogi aule kwa juma moja ndipo ahukumu, kwa maana ulimi hujifunza. Tumeona nakala za maelezo zinazotaka kikombe kizima cha sukari pamoja na zabibu; hiyo ni keki ya arusi, iachwe kwa arusi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo. Mtoto anayekunywa chai ya vijiko vitatu na soda moja tayari amekwisha kupita.

Lakini wenye kisukari wasikilize vizuri. Kusema "hatukutia sukari" si kusema "haina sukari". Zaidi ya nusu ya uzito wa zabibu kavu ni sukari, maana maji yameondoka na utamu umebaki. Babu mmoja anayehudhuria kliniki yetu alikula nusu mkate kwa siku kwa sababu mkwewe alimhakikishia kuwa ni utamu wa asili. Kipimo chake hakikujali asili. Mwenye kisukari ale kipande kimoja chembamba, akihesabie mahali pa ugali au wali, asikiongezee juu yake.

Kwa watoto wadogo, kuna jambo jingine. Zabibu nzima ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Hunata, huvimba kwa mate, na inaweza kuziba koo. Ndiyo maana tumesema zikatwekatwe, na zile zetu nyekundu zenye mbegu zitolewe mbegu. Mtoto aketi anapokula, asikimbie. Aliye chini ya miezi sita apewe ziwa la mama tu, hata bibi akisema "mwonjeshe".

Wengine, bekingi pauda ikikosekana dukani, hutumia magadi yale ya kulainishia maharage. Hapa tunasema wazi kwamba hatukubaliani. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron, yanaweza kuwa na floridi nyingi, na floridi ikizidi huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengwa ndani ya fizi. Wale wenye ndugu Arusha na Kilimanjaro wanajua meno ya kahawia. Kule maji yenyewe yana floridi, na magadi huongeza mzigo. Kama huna bekingi pauda, tumia nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya dukani, ile ya kupikia, na mahali pa maziwa tia mtindi, kwa sababu bikaboneti inahitaji uchachu ili ifanye kazi. Wasio na mtindi wanaweza kukoroga unga wa ubuyu kwenye maji. Uchachu wake unatosha. (Ubuyu nao ni tunda kavu, tena lililokaushiwa mtini bila chanja wala kitambaa. Tunashangaa kwa nini tunauacha kwa watoto wa kuchunga ng'ombe. Tunasema ule mweupe, si ule uliotiwa rangi na sukari.) Na ile costic soda ya kutengenezea sabuni isiwekwe kamwe kwenye kabati moja na vitu vya kuokea. Nayo ni nyeupe, nayo huitwa soda, na mtoto au mgeni hawezi kuzitofautisha.

Mwisho ni jiko lenyewe. Kuoka huchukua karibu saa nzima, na mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Okeni nje, au jikoni mlango na dirisha vikiwa wazi. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa Dodoma unapouma, tunajua baadhi ya nyumba huona hasara kumwaga makaa yaliyobaki juu ya mfuniko, wakayaingiza chumbani wapate joto la kulalia. Yamwagieni maji huko huko nje, mkaa uliozimika utawaka tena kesho ukianikwa.