Malezi ya Nyumbani: Mtoto Aitwaye Kabla ya Miezi Yake



Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulipokea kwa hofu na kimya, nalo ni mama mja mzito kuambiwa na daktari kwamba mtoto wake hana budi kuzaliwa kabla ya miezi kutimia. Hatusemi juu ya uchungu unaozuka ghafula usiku wa manane. Twasema juu ya uzazi uliokusudiwa, ambao siku yake yajulikana mbele, pengine kwa majuma mawili, pengine kwa siku tatu tu. Siku hizo chache ni neema. Nyumba ikizitumia vema, mtoto hukuta amewekewa mahali. Ikizipoteza kwa mabishano, huja juta baadaye.

Tuchukue mfano wa wilaya ya Misungwi, iliyo kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Watu wake ni wakulima wa mpunga na pamba, wafugaji na wavuvi. Wilaya ina hospitali yake, lakini mtoto mdogo mno, anayehitaji kusaidiwa kupumua, mara nyingi hupelekwa Mwanza mjini, ama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, ama Bugando, ambayo imewahudumia watu wa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971. Basi mama wa Misasi au Mbarika aliyeambiwa hivyo hana safari ya kujifungua tu. Ana safari ya kukaa ugenini majuma mengi, ameacha nyuma watoto wengine, mume na shamba. Hilo ndilo lipasalo kutengenezwa mapema.

Kwanza, na tufahamu kwa nini daktari huamua hivyo. Huenda mama ana kifafa cha mimba kinachokuja, yaani shinikizo la damu limepanda na figo zaanza kudhurika. Na dawa ya kweli ya ugonjwa huo ni mtoto na kondo la nyuma kutoka. Huenda kondo limekaa njiani na damu yatoka. Huenda mtoto amekoma kukua tumboni kwa sababu chakula hakimfikii. Katika hali hizo daktari hupima hatari mbili, ya kubaki na ya kutoka, akachagua iliyo nyepesi. Jamaa wakisema, "Mwacheni akomae kwanza," nia yao ni njema, lakini huenda wakawapoteza wawili kwa kumtafutia nafuu mmoja.

Wako wazee wasemao kwamba mtoto wa miezi saba huishi, wa miezi minane haishi. Neno hili limeenea sana, nalo si kweli. Kila juma analoongeza mtoto tumboni mwa mama mzima humwongezea nguvu. Wa miezi minane ana matumaini makubwa kuliko wa saba. Tusimkatishe mtu tamaa kwa hesabu isiyo na asili.

Hesabu iliyo na asili tunayo katika dini yetu. Qurani Tukufu, katika Surat Al-Ahqaf aya ya 15, yataja kubeba mimba na kuachisha ziwa pamoja kuwa ni miezi 30. Na katika Al-Baqara aya ya 233 muda kamili wa kunyonyesha watajwa kuwa miaka miwili, yaani miezi 24. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliziweka aya hizi pamoja, akaonyesha kuwa mimba yaweza kuwa ya miezi sita, na kwa hoja hiyo akamtetea mwanamke aliyeshukiwa kwa kuzaa mapema baada ya ndoa. Wanazuoni wakaifanya hukumu hadi leo. Basi mtoto wa kabla ya wakati si mkosi, wala si fedheha, wala si wa kuulizwa ulizwa. Ni mja wa Mungu mwenye haki ya jina, nasaba, maziwa na urithi kama ndugu zake.

Maandalizi yenyewe huanza na kuhesabu. Daktari hawezi kuchagua siku iliyo bora ikiwa hajui mimba ina majuma mangapi. Hapa mwanamke Mwislamu ana fadhila ambayo hatuitumii. Yeye huzijua siku zake za hedhi kwa ajili ya sala na saumu. Kwa hiyo na aiandike tarehe ya hedhi yake ya mwisho, aende nayo kliniki mapema, wala asingoje mimba ionekane kwa majirani. Akipata kupimwa kwa altrasaundi kabla ya majuma 24, hesabu huwa sahihi zaidi. Karatasi hiyo ndogo yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya mtoto aliyetolewa kwa wakati wake na yule aliyetolewa mapema mno.

La pili ni mahali. Tumbo la mama ndilo gari bora la kumsafirishia mtoto. Ni afadhali mno mama asafiri hadi Mwanza mtoto angali tumboni, kuliko kuzaliwa kijijini kisha kupelekwa mbio akiwa amefungwa khanga, amekwisha kupata baridi. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limewaondolea kungojea kivuko wale watokao ng'ambo ya Sengerema na Geita wakapita Misungwi. Tena dharura ikizuka kabla ya siku iliyopangwa, iko huduma ya m-mama, ambayo ilijaribiwa kwanza katika Kanda hii ya Ziwa, na tangu mwaka 2022 ikaenezwa nchini. Hupigiwa simu nambari 115 bila malipo, na usafiri ukatafutwa, uwe gari la wagonjwa au la dereva wa jirani aliyepatana nao. Nambari hiyo na iandikwe ukutani. Lakini daraja huondoa maji tu; halimwondoi mkwe aliyekaa mlangoni akikataza safari. Hilo ni kazi ya mume.

La tatu ni mapafu ya mtoto. Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walitangaza kwamba mama akidungwa sindano za dawa fulani kabla ya kuzaa, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Leo sindano hizo hutolewa katika hospitali zenye uwezo, hasa mimba ikiwa baina ya majuma 24 na 34, nazo zahitaji kama siku moja au mbili ili zifanye kazi yake. Ndiyo maana twasema siku chache ni neema. Mama aliyeambiwa aje Jumatatu, akaja Alhamisi kwa kuwa jamaa walikuwa hawajakubaliana, amempunguzia mtoto pumzi.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni watu. Nyumba nyingi zikisikia habari hizi huwaza fedha peke yake. Fedha zahitajika, hatukatai: hata pale matibabu yasipolipiwa, kuna nauli, chakula na malazi ya msaidizi. Lakini mtoto wa kilo moja na nusu hushinda baridi na njaa kwa mwili wa mtu na wakati wa mtu. Mwaka 1978, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria aliona vitanda vya joto havitoshi, akawafungia mama zao watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mnyama kangaruu abebavyo mwanawe mfukoni. Wengi walidhani ni dawa ya maskini tu. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Watoto wadogo waliowekwa vifuani mara tu baada ya kuzaliwa, pasipo kungoja wapate nguvu, walifariki 12 katika kila 100, na wale waliongojewa walifariki karibu 16. Shirika la Afya Duniani sasa lausia mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kila siku.

Na tuifikiri hesabu hiyo, enyi mabwana. Nani awezaye kukaa saa 20 na mtoto kifuani, kisha akakamua maziwa kila saa tatu, usiku na mchana, hali yu mgonjwa wa kupasuliwa? Mama peke yake hawezi. Kwa hiyo kabla ya siku ya safari, nyumba na ikae barazani na kugawana kazi: nani atakaa Mwanza na mama, nani atapika na kulaza watoto waliobaki, nani atapalilia mpunga, nani watatoa damu ikihitajika. Baba naye ana kifua. Akiruhusiwa na wauguzi, na amfunge mwanawe kifuani mama apate kulala. Hakuna aibu katika hilo, Mtume wetu (s.a.w.) aliwabeba wajukuu zake mbele ya watu.

Vifaa ni vichache: kadi ya kliniki, kadi ya bima kwa aliye nayo, khanga safi nyingi, kofia na soksi za mtoto, nepi za kitambaa, na vikombe vyenye vifuniko.

Ziko desturi zetu nne ambazo yafaa kuzitazama kwa jicho la dini. Arubaini: nifasi humzuia mama sala na saumu, haimfungii ndani, wala haimkatazi kukaa wodini na mwanawe. Tende ya kwanza: kumtia mtoto tende kinywani ni sunna, lakini mtoto ambaye hajajua kumeza na kupumua pamoja yaweza kumpalia, maji, asali na uji ni vivyo hivyo. Sunna hiyo na ingoje ruhusa ya daktari, na chakula chake kiwe maziwa ya mama, tangu yale ya kwanza mazito yaitwayo dang'a, hata kwa mrija. Akika: ni sunna siku ya saba, lakini kwa Mashafii yaweza kucheleweshwa, na asiyeweza hana dhambi. Mbuzi aliyewekwa tayari na auzwe amlishe mama hospitalini. Adhana na jina havingoji kitu. Baba na aadhini kwa sauti ya chini, ampe mwanawe jina.

La nne ni maziwa ya mwanamke mwingine. Ikiwa mama hana maziwa na mwenzake wodini akajitolea, na wauguzi wakakubali, uhai hutangulizwa. Lakini wanazuoni wengi huyahesabu maziwa hata yakinyweshwa kwa kikombe, na kwa Mashafii mara tano zatosha kuleta udugu wa kunyonya. Basi na liandikwe jina la mwanamke huyo na kijiji chake, lihifadhiwe, ili miaka 20 baadaye ndugu wasije wakaoana.

Walioajiriwa na wajue pia kwamba sheria za kazi za Tanzania zilirekebishwa mwaka 2025. Mama aliyejifungua mtoto njiti huongezewa likizo, ili majuma yaliyobaki kutimia 40 ya mimba yasimwile likizo yake ya uzazi. Na aende kwa mwajiri na barua ya daktari.

Siku ya kurudi nyumbani si mwisho. Mtoto akiacha kunyonya, akipoa, akipata joto kali, akipumua kwa kujivuta au akigeuka rangi, arudishwe upesi. Wageni wampongeze mama kutoka mlangoni. Mwenye kikohozi na asije kabisa.

Twajua kwamba wako watakaofanya yote haya, na mtoto asiishi. Hao hatuna la kuwaambia zaidi ya yale tuliyofundishwa: mtoto aliyeonyesha dalili ya uhai huoshwa, husaliwa na huzikwa kwa heshima, na wazazi wake wakisubiri wana malipo makubwa kwa Mola wao. Kitu kimoja twawaomba majirani, wasimwulize mama alikula nini wala alikanyaga wapi. Mzigo alio nao watosha.

Wapo wasemao kwamba kujiandaa hivi ni kupungukiwa na imani. Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake wazi kwa kumtegemea Mungu alifundishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza, kisha ategemee. Kuandika tarehe, kwenda Mwanza mapema, kugawana kazi barazani na kumfunga mtoto kifuani, huko ndiko kumfunga ngamia. Yaliyobaki ni ya Mwenyezi Mungu.

Twamwomba Yeye, aumbaye matumboni atakavyo, awahifadhi mama zetu wenye mimba, awape nguvu watoto walio wadogo, na atie huruma katika nyoyo za walio karibu nao. Amin.