Shumileta hakumchoma bibi wa mtu

Najua niliahidi kuandika habari za bweni letu na mabomba yanayotoa upepo badala ya maji. Itasubiri. Leo nina hasira, na hasira ikilala haina ladha.

Alhamisi kwenye semina mwenzetu mmoja alisimama kuwasilisha mada ya filamu za Bongo. Mtoto wa mjini, shati limenyooka, maneno yanatiririka. Akaanza na kipande cha Shumileta, ile ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, jini wa kike anayempenda binadamu. Darasa zima kicheko! Wengine wanapiga meza. Vipodozi vile, sauti ile inayokoroma, jini anatoweka kwa mkato wa picha ambao hata mtoto anauona. Akatuonyesha na jalada la Nsyuka, ya Banzi huyo huyo, iliyotangulia. Kicheko tena. Kisha akafunga hoja: filamu hizi za kutisha za bei poa ndizo zilizowajaza watu wa vijijini ushirikina, na ndiyo maana "kule Kigoma" wazee wanauawa. Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali. Nikanyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha.

Basi muda ninao hapa.

Mimi ni wa "kule Kigoma". Nimezaliwa Kasulu, nimefundisha shule ya msingi Kibondo kabla ya kuja chuo. Shumileta nimeiona nikiwa na miaka kumi kwenye banda la video, mabati juu, magunia yameziba madirisha, jenereta nje linakohoa kuliko jini mwenyewe. Kiingilio shilingi mia. Tulikaa kwenye mbao tumebanana kama dagaa wa ziwani. Lilipotokea lile jini kuna mama alirusha kanga juu ya uso, na mshikaji wangu mmoja akatoka mbio, akarudi baada ya dakika tano anadai kwamba alikwenda kukojoa. Usiku ule sikuthubutu kwenda choo cha nje.

Lakini nisikilizeni vizuri. Kesho yake hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyenyooshewa kidole. Nani angemnyooshea nani? Shumileta ni msichana mrembo, hana nyumba pale mtaani, halimi maharage wala hauzi mihogo sokoni. Ukitaka kumchoma Shumileta utampata wapi? Tuliogopa, tukacheka kuogopa kwetu, yakaisha. Kazi ya filamu ya kutisha si ndiyo hiyo?

Mwaka 1999 Wamarekani walitoa The Blair Witch Project. Iligharimu makumi ya maelfu ya dola tu, ikaingiza karibu dola milioni 250. Kamera inatikisika hadi watazamaji wengine wakatapika, na mchawi mwenyewe haonekani kabisa. Kule wakosoaji wengi waliisifu, ingawa watazamaji wengi walitoka wamenuna. Leo vyuoni inafundishwa kama ubunifu wa mtu asiye na hela. Banzi naye hakuwa na hela, kamera ya video tu na waigizaji wa kikundi, na yeye tunamfundisha kama aibu ya taifa. Jamani! Nsyuka ni neno la Kinyakyusa, linahusu mizimu, wafu wanaorudi. Huyu bwana alichukua kitu cha kwetu akakipeleka kwenye kanda wakati watu wamejaa mabandani kuangalia wachawi wa Nigeria. Haki ya kuchekwa anayo, hata mimi nacheka. Lakini mtu humcheki kwa umaskini wake halafu ukamtwisha na mauaji.

Sasa niseme lile ambalo nilitaka kulisema semina, na najua wengine mtanikasirikia, hasa ninyi mnaotetea kila kitu cha Bongo kwa sababu ni cha kwetu.

Filamu mbaya zilikuwepo. Siziiti mbaya kwa sababu ya vipodozi. Zilikuwa nyingi, za kwetu na za Nigeria, siyo moja, kwa hiyo sitaji jina. Mtu anaumwa, au mtoto anakufa, au biashara inakwama. Familia inakwenda kwa mganga. Mganga anaangalia kwenye kioo au kwenye beseni la maji, na uso unatokea: bibi. Bibi wa nyumba ya pili, au mama mkwe. Halafu ndiyo sumu yenyewe: mganga HAKOSEI. Katika hadithi nzima hakosei hata mara moja! Tulioneshwa bibi usiku akila nyama ya mtu, kwa hiyo sisi watazamaji tunajua kwa macho yetu kwamba mganga kasema kweli. Mwisho bibi anakufa, mgonjwa anapona, banda linapiga makofi. Nilipiga makofi na mimi. Nilikuwa mtoto, lakini nilipiga.

Wakosoaji wa magazetini walisema nini juu ya filamu hizo? Walisema taa hafifu. Walisema sauti mbovu, nguo fupi, tunaiga Wanigeria. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, kuna watu kazi yao ni kukagua, na kelele kubwa miaka yote ni mapaja. Paja linaharibu maadili. Mganga kumtaja bibi kwa uso wake, hilo ni burudani tu.

Mwezi Oktoba 2014, kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakidaiwa ni wachawi. Watano walikuwa wamepita miaka 60. Polisi waliwakamata watu 23, na mganga alikuwemo. Wakati ule Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria wanaouawa nchini kwa tuhuma za uchawi wanafika hadi 500 kwa mwaka, wengi wanawake wazee. Macho mekundu, wanasema. Mwanamke kapuliza kuni mbichi jikoni miaka hamsini, macho yawe ya rangi gani?

Sisemi filamu iliwachoma. Ningesema hivyo ningekuwa sawa na yule mwenye shati. Watu wa kwetu walishutumiana kabla ya umeme kufika, na Sheria ya Uchawi iliyokataza kumtaja mtu kuwa mchawi ni ya mkoloni, ya mwaka 1928. Anayeua ni mtu mwenye jina na anayemtaja marehemu ni mtu mwenye jina. Januari 2015 serikali yenyewe ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Hapo angalau walimtafuta mtu wa kioo. Ninachosema ni kwamba ukitaka kukosoa filamu ya kutisha, achana na rangi ya damu, uliza hadithi inampa nani haki ya kumtaja mwingine. Kwa kipimo hicho Shumileta anatoka salama, na filamu kadhaa zenye picha safi kuliko yeye hazitoki.

Kwa nini nina hasira hivi? Mwaka ule ule wa 2014, nikiwa kidato cha nne, mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Wiki ya pili vijana wawili walipita mbele ya nyumba yetu, mmoja akamwita bibi yangu kwa jina la bibi wa kwenye filamu. Wakacheka. Baba hakucheka. Usiku huo huo tukampakia Bibi kwenye pikapu ya mtu wa maharage, katikati ya magunia, kapewa blanketi na redio yake, tukampeleka Kibondo kwa Shangazi. Alikaa huko hadi kufa kwake, kwa uzee, kitandani. Shamba lake lililimwa na wengine.

Jina lile halikuwa Shumileta.

Jumatatu semina inaendelea, mada bado ni ile ile. Nimeshamwambia mwakilishi wa darasa aniandike wa kwanza. Sasa naenda kupanga foleni ya msosi, leo wali maharage, nikichelewa nitapata mchuzi mtupu.