Bei ya Mtutu na Shabaha ya Bunduki

Wapo watu, na miongoni mwao wamo wenye dhamana ya kutia saini hati za ununuzi wa mali ya umma, waaminio kwamba kitu kikishakuwa cha bei kubwa basi tena hakina ila. Wapo na wengine, nao si haba, ambao furaha yao yote ni kuonyesha kuwa wameokoa fedha, ijapokuwa kilichonunuliwa hakikufika hata mwaka wa pili. Wazee wetu wa visiwani wamekwisha kutuonya kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini hawakusema kuwa ghali huutengeneza.

Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa mfano ambao huenda ukaonekana uko mbali na shughuli zetu za kila siku, nao ni mtutu wa bunduki. Je, mtutu wa bei kubwa hupiga shabaha vizuri kuliko wa bei nafuu? Jawabu ni kwamba ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo kuliko wauzaji wanavyodai, na kwa sharti kwamba mambo mengine yote yamekamilika. Katika mambo hayo mengine ndimo taifa moja kubwa la Ulaya lilimopotelea kwa miaka kadhaa.

Kwanza yafaa kujua bei hiyo yatoka wapi. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda, ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja isiyumbe angani. Mafundi wa mitutu ya mashindano huko Marekani huikata mifereji hiyo kwa kisu kidogo kinachopitishwa tena na tena, kila mara kikitoa ukungu tu wa chuma, kisha huusugua mtutu kwa mkono, kwa kipande cha madini ya risasi kilichopakwa unga wa kusugulia. Ni kazi ya saa nyingi, nayo hailipwi kidogo. Wengine huvuta ndani ya tundu kidude kigumu chenye sura ya mifereji, kikaikandamiza kwa mara moja. Njia hiyo ni ya haraka na ya bei nafuu, lakini huacha mkazo ndani ya chuma, na usipoondolewa kwa moto, mtutu ukipata joto hujikunja kidogo na risasi zikaanza kuhama. Viwanda vikubwa vya silaha, navyo, hufua chuma kikiwa baridi kwa nyundo za mashine juu ya ufito wenye sura ya mifereji. Mashine yenyewe ni ya thamani kubwa sana, ila ikishafungwa, mtutu mmoja hutoka kwa dakika chache tu. Njia hiyo ilianzia Ujerumani, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Basi mtutu uliokatwa na kusuguliwa kwa mkono, bei yake kiasi cha dola 400 kabla fundi hajaukereza na kuufunga, ukiwa juu ya bunduki iliyotengenezwa barabara, waweza kukusanya risasi ndani ya sentimita moja na nusu kwa umbali wa mita 100. Bunduki ya kiwandani ya bei ya kawaida ya siku hizi mara nyingi hufikia sentimita tatu. Tofauti ipo, wala hatuikatai. Lakini mwenye kupiga kwa mita 600, akikosea kuukadiria upepo wa kilomita 16 kwa saa, risasi yake ya milimita 7.62 itasukumwa zaidi ya nusu mita. Hapo sentimita zile zilizonunuliwa kwa dola hazina la kumfaa.

Kuna na ujanja wa biashara ambao hapana budi kuutaja. Muuzaji hupiga risasi tatu, akaonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana. Risasi tatu si ushahidi. Bunduki ile ile ikipiga risasi kumi, kwa kanuni ya hesabu tu, kundi la matundu hutanuka kwa wastani wa kiasi cha mara moja na nusu. Afisa atakayepelekewa karatasi ya namna hiyo na aombe ya risasi kumi, tena zilizopigwa mtutu ukiwa wa moto.

Wapigaji wa Olimpiki wanalijua hili kuliko sisi. Katika mashindano ya mita 50 duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Pamoja na kuwa na mitutu bora kabisa, wapigaji hao husafiri mpaka kwenye vituo vya viwanda vya risasi, bunduki ikabanwa kwenye jiriwa, wakajaribu fungu moja baada ya jingine la risasi za kiwanda kimoja na za jina moja, mpaka lipatikane linalopatana na mtutu ule. Mtutu ni ule ule na fundi ni yule yule, ila fungu hili hukusanya na lile hutawanya.

Sasa tuje Ujerumani. Mwaka 1997 jeshi la nchi hiyo lilianza kutumia bunduki ya G36, iliyotengenezwa na kiwanda cha Heckler & Koch cha mjini Oberndorf. Mtutu wake haukuwa wa ovyo. Ulifuliwa kwa nyundo na kutiwa kromu ndani, kama ilivyo desturi ya silaha za kijeshi. Lakini baada ya mapigano makali ya Afghanistan, na hasa yale ya tarehe 2 Aprili 2010 huko Isa Khel, mkoani Kunduz, ambamo askari watatu wa Kijerumani waliuawa, zilianza kusikika lawama kwamba bunduki ikipata moto hutupa risasi pembeni. Mwaka 2012 magazeti yakalishika jambo. Wako waliosema kosa ni la mwili wa plastiki ambamo mtutu umekazwa, kwamba plastiki hulegea kwa joto. Yaani ni sawa na kusimamisha mlingoti wa mvule juu ya jahazi lililooza. Wengine wakasema kosa ni la risasi za kiwanda fulani. Wataalamu walipima na kupima tena, na mwezi Aprili 2015 Waziri wa Ulinzi, Bibi Ursula von der Leyen, akatangaza kuwa bunduki hiyo, kwa umbo lililokuwa nalo, haina mustakabali jeshini.

Lililofuata ndilo tungependa watumishi wa serikali walisome mara mbili. Mwezi Oktoba mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Winfried Nachtwei, aliyekuwa mbunge, ilieleza kuwa haikuona askari hata mmoja aliyeuawa au kujeruhiwa kwa sababu ya kasoro ya shabaha ya G36. Na tarehe 2 Septemba 2016 Mahakama ya Koblenz ilikataa madai ya serikali dhidi ya kiwanda. Hoja yake ilikuwa nyepesi na chungu: bunduki zilizoletwa zilikuwa zile zilizokubaliwa katika mkataba. Majaribio makali ya joto ambayo wizara iliyatumia kuihukumu silaha hayakuwamo katika masharti ya ununuzi. Serikali ilikuwa imenunua kile ilichokiandika, kisha ikadai kile ilichokuwa nacho moyoni.

Hapo yaonekana jinsi ubishi wa mtutu ghali na mtutu rahisi usivyofika kwenye kiini. Hata kama Wajerumani wangelipa mara tatu ya bei kwa mitutu ya mashindano, bado mtutu huo ungekaa katika mwili ule ule, ukalishwa risasi zile zile, chini ya mkataba ule ule usiotaja joto. Tena mtutu wa mashindano ungeisha upesi zaidi, kwa sababu aghalabu hautiwi kromu, ambayo hupunguza usahihi kidogo lakini hurefusha umri wa chuma. Askari wa zamu na mpigaji wa michezo hawana haja moja, na asiyeanza kwa kuuliza kitu chatakiwa kwa kazi gani hawezi kujua bei yake ni kubwa au ni ndogo.

Safari ya kutafuta bunduki mpya nayo haikuwa fupi. Mwezi Septemba 2020 ilitangazwa kuwa kiwanda cha C. G. Haenel cha Suhl kimeshinda zabuni. Mwezi uliofuata tangazo likafutwa kwa shaka ya haki za uvumbuzi. Mwaka 2021 zabuni ikarudi Oberndorf, kwa Heckler & Koch wale wale waliokuwa wamelaumiwa, na mwezi Desemba 2022 Bunge likaidhinisha ununuzi wa bunduki zaidi ya laki moja. Mtutu wa silaha hiyo mpya hufuliwa kwa nyundo, chuma kikiwa baridi, na kutiwa kromu ndani.