Nishati safi ya kupikia: agizo limefika shuleni, fedha ya gesi iko kifungu gani?

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake mmelisikia mara nyingi redioni: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kabla ya hapo Serikali ilikuwa imeshaziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, shule zikiwemo, ziachane na kuni na mkaa. Swali la wasikilizaji wa Mbinga na mwambao wa Nyasa ni fupi: kama agizo lipo, mbona jiko la shule yetu bado linafuka moshi?

Tuanze na kuni zenyewe. Katika shule nyingi za vijijini mzazi hutoa mahindi na maharage, na kuni huja kichwani mwa mwanafunzi. Hakuna risiti, hakuna hati ya malipo, hakuna anayeziandika popote. Kwenye vitabu vya Serikali kuni hizo ni bure, ingawa mama wa mtoto anajua zimetoka umbali gani.

Gesi haiji hivyo. Muuzaji anataka fedha, na anaitaka leo. Mtungi lazima usafirishwe, na kutoka Mbinga mjini hadi vijiji vya milimani wakati wa masika wenyewe mnaijua barabara. Jiko kubwa linahitaji fundi wa kulifunga na wa kulirekebisha. Kwa hiyo kitu kilichokuwa hakina bei sasa kinataka kifungu cha bajeti. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Mkakati unaratibiwa na Wizara ya Nishati, shule ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI, na chakula cha wanafunzi kinategemea makubaliano ya wazazi. Mwalimu mkuu amesimama katikati, ana agizo mkononi na sufuria motoni.

Hatusemi Serikali imekaa tu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefadhili mifumo ya nishati safi kwenye baadhi ya taasisi kubwa, yakiwemo magereza. Kwa kaya, ulipanga mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Kwa wilaya tano za Ruvuma hiyo ni mitungi 16,275. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 katika mkoa huu. Na ruzuku ilikuwa ya kununua mtungi. Gesi ikiisha, kujaza tena ni bei ya soko. Mtungi mtupu uliogeuzwa kigoda si nishati safi.

Kisha kuna ufukweni. Mama anayebanika samaki Liuli au Lituhi anatumia kuni kwa biashara, si kwa ugali wa nyumbani, na mtungi wa kilo 6 haubaniki tenga la samaki. Yeye anahitaji tanuri linalokula kuni kidogo, au chanja nzuri ya kuanikia dagaa juani. Ukihesabu majiko ya nyumbani peke yake, moshi wa mwaloni hauonekani kwenye hesabu.

Je, kuna mahali mkoani kwetu sera ya aina hii ilishuka ikafanya kazi? Ipo, na iko kwenye Mto Ruvuma. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa umeme wa maji wa Tulila, megawati 5, ulioanza kuzalisha mwaka 2015. Wakati huo Songea haikuwa imeunganishwa na gridi ya Taifa; TANESCO ilikuwa ikichoma dizeli. Masista walikuwa na maporomoko na walipata mkopo, lakini hayo peke yake yasingetosha. Tayari kulikuwa na utaratibu, unaosimamiwa na EWURA, wa mikataba ya mfano kwa wazalishaji wadogo wanaoiuzia TANESCO. Mwekezaji alijua atamuuzia nani na bei inapangwaje kabla hajamwaga zege. Hapo sera iliacha kuwa hotuba, ikawa karatasi unayoweza kuipeleka benki.

Mfano wa pili ni mdogo, nasi tunaupenda zaidi. Kijijini Kindimba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine kikishirikiana na Wajapani wa JICA kilisaidia wanakijiji kujenga mashine ya kusaga inayozungushwa na maji. Wananchi walitoa nguvu kazi, na kamati iliyosimamia ilichukua jina la Sengu, baraza la jadi la Wamatengo la kula na kushauriana pamoja. Chombo kilikuwa kipya, wasimamizi walikuwa watu wanaofahamika. Wamatengo, waliolima ngoro kwenye miteremko hii vizazi na vizazi, hawahitaji kufundishwa ubunifu ni nini.

Jiko la shule linahitaji vyote viwili: karatasi ya Tulila na kamati ya Kindimba. Halmashauri iandike nishati ya jikoni kama kifungu chake, iseme nani anajaza gesi na mara ngapi kwa muhula. Pale gesi isikofika, iruhusu majiko banifu kwa kipindi kinachotajwa kwa tarehe, badala ya kufumba macho na kuandika kwamba shule imetekeleza. Pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kumsaidia kijana kufungua kituo cha mitungi Mbamba Bay, au fundi kuanza kutengeneza majiko Maguu.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mipango ya halmashauri inatakiwa kuanzia huko. Diwani akija, muulizeni: katika bajeti ya mwaka huu, nishati ya kupikia ya shule yetu imeandikwa ukurasa gani, na kwa shilingi ngapi? Akikutajieni namba, tutumieni ujumbe wa simu, tutaisoma hewani. Akisema haijaandikwa, hiyo nayo tutaisoma.