Mzito wa Kusoma Si Mzito wa Akili

Huku kwetu Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, mtoto akifika darasa la nne hajasoma vizuri, hukumu imeshapita: ana kichwa kigumu, shule hakuandikiwa, aende baharini. Ni uongo, na tunaurithishana.

Disleksia ni shida ya ubongo kuunganisha herufi na sauti. Haipimi akili. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye shida hiyo mara nyingi husoma sawasawa, ila kwa kujikokota. Mwalimu haoni kosa, anaona uvivu. Kikija Kiingereza, ambacho maandishi na matamshi yake hayapatani, mtoto aliyetoka nyumbani na Kidigo chake anazama. Na mtihani haumngoji mtu. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023, iliwapunguzia alama waliojua jibu lakini wakachelewa kulisoma swali.

Sasa nenda ufuoni Diani. Wapo vijana walioshindwa na shule wanaoongea Kijerumani na Kiitaliano, lugha walizozidaka kwa masikio. Sisemi wote wana disleksia. Wengi walitolewa darasani na ufukara. Ila nahodha wa Shimoni anayejua bamvua, mkondo na miamba bila karatasi, nani atathubutu kumwita mjinga? Asiyeweza kuegemea maandishi hulazimika kusikiliza, kukumbuka na kuuliza watu, na ukubwani mazoea hayo humlisha. Jackie Stewart wa Uskoti, bingwa wa dunia wa mbio za magari mara 3, shuleni alionekana mpumbavu. Alijua ana disleksia mwaka 1980, amepita miaka 40, baada ya mwanawe kupimwa.

Kuna wanaodandia hapo: basi mwacheni, dunia itamfunza. Nakataa katakata. Stewart tunamjua kwa sababu alifika; walioamini kwamba wao ni wajinga hatuwasikii. Uwezo wa kusikiliza na kukumbuka hautokani na fimbo, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipiga marufuku, wala na kuchekwa mbele ya darasa.

Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianza 1984. Mzazi mwenzangu, mpeleke mwanao apimwe macho, masikio, kisha usomaji, kabla hujamkabidhi mshipi. Nawe mwalimu, swali la sayansi msomee, umwache ajibu kwa mdomo.