Nyota yako si chafu, usimlipe mtu aisafishe

Ukitoka Feri kupanda mjini, hebu tazama nguzo za stima. Utaiona ile karatasi: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anavuta pesa, anasafisha nyota. Chini kuna namba ya simu. Ikibanduliwa leo, kesho iko tena.

Mshkaji wangu mmoja wa Kibokoni alipiga namba kama hiyo mwaka jana. Alikuwa ametuma maombi ya kazi mpaka akachoka. Akaambiwa nyota yake imefunikwa. Elfu tatu za kuangalia, elfu tano za kusafisha, kisha kuku, kisha "kuna kazi kidogo imebaki". Pesa za kwanza zilikuwa zake. Za mwisho zilikuwa za mamake. Kazi hajapata mpaka leo.

Simcheki, na wewe usimcheke. Mtu hupiga namba ile akiwa amekwama. Lakini nina swali moja tu: hiyo nyota inayosafishwa ni ipi? Si atutoe nje usiku atuonyeshe kwa kidole!

Manake nyota ni kitu, jamani. Ni tufe kubwa la gesi ya moto linalojitolea mwanga wake lenyewe. Iliyo karibu nasi kuliko zote unaijua, ndiyo inayokuchoma pale Mwembe Tayari saa saba mchana. Jua ni nyota. Usoni mwake kuna joto la nyuzi 5,500 hivi, na upana wake ni mara 109 ya upana wa dunia. Liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Matatu ikikimbia 80 kwa saa, bila kusimama hata Mtito Andei, itafika baada ya miaka zaidi ya 200.

Na hiyo ndiyo ya karibu. Mwanga kwa sekunde moja ungekwenda umbali wa Mombasa hadi Nairobi mara 600 na zaidi. Mwanga huo huo ukitoka Alpha Centauri, jirani wa jua, unachukua miaka 4 na kitu kutufikia. Jua ni moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 zilizo kwenye galaksi yetu, na galaksi nyingine ziko kwa mabilioni. Sasa niambie, nani ana ufagio mrefu hivyo?

Najua utaniuliza: kwani mwezi hauvuti bahari? Ndiyo, unavuta. Mtoto yeyote wa Mji wa Kale anajua bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, na maji hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Lakini bahari ni kubwa, upande ulio karibu na mwezi unavutwa zaidi kuliko ulio mbali, ndiyo maana maji yanajaa na kupwa. Weka ndoo ya maji barazani usiku wa mwezi mpevu uone. Haijai wala haikupwi. Kama ndoo haisikii kitu, sembuse barua yako ya maombi ya kazi?

Na wewe unayemcheka mganga huku kila asubuhi unasoma "nyota yako leo" kwenye simu, nawe nakuona. Aliyezaliwa mwisho wa Julai anaambiwa ni Simba. Lakini ukipima angani, siku hizo jua liko kwenye kundi la Kaa. Mpangilio ule ni wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mhimili wa dunia umeyumba tangu hapo. Hata jina lako wamekosea!

Usiniambie elimu ya anga ni mambo ya Wazungu. Ukisimama Bandari ya Zamani, kumbuka majahazi yaliyotoka hapo na kusi kwenda Arabuni. Manahodha walisoma nyota. Ile ya kaskazini, waliyoiita jaa, haionekani Mombasa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Ukivuka ikweta inaanza kuchomoza, na kadiri inavyopanda ndivyo unavyojua umefika wapi. Vasco da Gama mwenyewe, mwaka 1498, ilibidi apate rubani Malindi ndipo afike Calicut. Nahodha hakuiuliza nyota kama ana bahati. Aliiuliza yuko wapi.

Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco karibu na Malindi, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa angani kuchunguza eksirei za nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, ikaitwa Uhuru. Ni kazi yake iliyosaidia wanasayansi kutambua shimo jeusi, nyota iliyojiporomokea mpaka hata mwanga hautoki. Hayo yalianzia pwani hii hii. Shuleni nilifundishwa majina ya sayari nane, lakini Uhuru sikuwahi kuisikia.

Kazi zikikosekana Mombasa, sababu ziko hapa chini. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini humu kwa sababu mizigo ya bandari ililazimishwa kupanda SGR, na riziki za wengi zikaondoka nayo. Hilo halikuamuliwa na Zohali wala Mushtarii. Liliamuliwa na watu wenye ofisi, na watu wenye ofisi wanaweza kuulizwa. Mganga anataka ulaumu mbingu, kwa sababu mbingu haijibu.

Elfu nane zile zingemlipia mshkaji wangu cheti cha tabia njema cha polisi na nauli ya kuzungusha karatasi zake mwezi mzima.

Kwa hivyo usiku wa leo nenda Lighthouse, nunua mihogo ya pilipili, tazama upande wa bahari. Kinachometameta ni nyota. Kinachong'aa kimya bila kumeta, huenda ni sayari, kama Mushtarii. Hakuna anayekudai hata bob. Na ukipita nguzo ile ukirudi, ibandue ile karatasi.