Msiwafiche vijana Rosa Mistika
Anayedai kwamba vijana wa sekondari wapewe riwaya zenye wahusika wema tu anarudia kosa la zamani. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, eti inaharibu maadili. Lakini nani aliyemharibu Rosa, msichana wa riwaya hiyo? Zakaria, baba mlevi, anamtwanga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, wala hamfundishi lolote kuhusu wanaume. Rosa anapokuwa mbali na nyumbani, hana pa kushika. Kisa hicho kinamwonya msichana wa miaka 16 zaidi kuliko mawaidha yote ya mstarini. Mpeni akisome, na baba yake naye akisome.